Ua la Mlango wa Kiponda

Msafiri aendaye Unguja kwa boti ya kasi kutoka Dar es Salaam hukaa majini yapata saa mbili tu, na mizigo yake aghalabu hujieleza yenyewe. Mimi na binti yangu wa miaka 10, tulipovuka katika siku za mwisho za mwezi wa Ramadhani, tulikuwa tumebeba karatasi za manila, mkasi, gundi, penseli, visahani viwili na kisu kidogo cha kumenyea matunda, ambacho mkaguzi wa mizigo bandarini alikitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Nilimweleza kwamba tunakwenda kwa shangazi yangu kutengeneza kadi za Idi. Akauliza kwa upole iwapo Unguja hakuna maduka.

Swali lake lilikuwa la haki. Maduka yapo, na asiyetaka kwenda dukani anayo simu, ambayo kwa kubonyeza mara moja humpelekea salamu za Idi kila mtu aliyewahi kumjua, pamoja na fundi wa jokofu. Lakini Shangazi, akaaye mtaa wa Kiponda katika Mji Mkongwe, ametimiza miaka 78, na macho yake hayapatani na maandishi madogo ya simu. Mwaka uliotangulia alilalamika kwamba Idi ilimpitia bila ya mtu hata mmoja kumletea karatasi. Alitumia neno hilo hilo, karatasi. Nami nikaahidi, kama waahidivyo watu wazima wakiwa mbali. Binti yangu akaishika ahadi ile kama watoto wazishikavyo.

MJI WA MILANGO

Ndugu msomaji ambaye hujafika Mji Mkongwe, usiutafute uzuri wake katika upana. Vichochoro ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wenye vikapu hupishana kwa kupeana heshima. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nazo katika nyumba nyingi ni tupu, hazina pambo lolote. Pambo limekusanywa mahali pamoja: mlangoni. Hapo ndipo tajiri wa karne ya 19 alipomwonyesha mpita njia uwezo wake, na yasemekana kwamba wengine waliusimamisha mlango kwanza, ndipo kuta zikaufuata.

Milango ya mtindo wa zamani ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Mingi ya ile iliyokuja baadaye, kwa athari za mafundi wa Kihindi, ina tao. Katikati, pale mbao mbili zinapokutana, husimama mfaa, nguzo nyembamba iliyotiwa nakshi kutoka juu hadi chini. Kwenye miimo utaona samaki, mawimbi, mitende, mnyororo, na ua la yungiyungi lililofunguka kama kisahani. Vipo pia vichwa vya shaba vilivyochongoka, ambavyo husemwa kwamba huko India viliwekwa ili ndovu wasiusukume mlango. Unguja haina ndovu wa kuzuia. Hapa ni urembo mtupu, na watoto huvishika wapitapo hata vikang'aa.

Kuhusu maana ya alama hizi watu hawapatani. Mnyororo, kwa mfano, muongoza watalii mmoja atakwambia kwamba ni alama ya ulinzi wa nyumba, na mwenzake aliye hatua ishirini nyuma yake atawaambia wageni wake kwamba ni alama ya mfanyabiashara wa watumwa. Tulipokuwa Shangani, mbele ya nyumba iliyokuwa ya Tippu Tip, mtu aliyefanya biashara ya pembe na ya watumwa akafariki mwaka 1905, binti yangu aliuliza kama mnyororo nao tuutie katika orodha ya michoro yetu. Nikamwambia hapana. Mtafiti atanilaumu kwa kukata shauri bila ushahidi, lakini kadi ya Idi haihitaji ushahidi.

Forodhani tulisimama kwa muda kuitazama Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883 katika enzi ya Seyyid Barghash, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 na kuua watu wawili. Mji huu uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na hata hivyo jumba lake maarufu kuliko yote lilianguka. Binti yangu, ambaye hadi siku ile alidhani vitu vya mawe havifi, alianza kuchora kwa haraka zaidi.

Fundi mchongaji tuliyemkuta kibarazani mwake alikuwa amefunga kama sisi, midomo imemkauka, lakini patasi yake haikulegea. Binti yangu alisimama karibu naye mpaka akachoka kumpuuza. Ndipo akamwonyesha jambo moja lenye manufaa: kwamba kabla ya kugonga patasi hutia alama ya mkato kwa penseli kila mahali panapotakiwa kuondolewa, kwa sababu jicho husahau lipi ni ua na lipi ni uwanja wake, na ubao ukishaliwa haurudi. Aliyasema hayo bila kuinua kichwa.

POSTA NA MAKOSA YAKE

Njia yetu ilipita posta ya Shangani, na hapo nilimsimulia binti yangu visa viwili, kwa kuwa alikuwa ameanza kuona aibu ya mistari yake iliyopinda.

Cha kwanza ni cha London. Mwaka 1840 Uingereza ilianzisha posta ya peni moja, barua zikawa nyingi, na Krismasi ya mwaka 1843 Henry Cole, mtu aliyekuwa na marafiki wengi kuliko muda wa kuwaandikia, alimwagiza mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Hiyo huhesabiwa kuwa kadi ya kwanza ya sikukuu kuuzwa madukani, kwa bei ya shilingi moja, ambayo haikuwa bei ya vibarua. Mistari ilichapwa, lakini rangi ilipakwa kwa mkono, kadi moja moja. Kwa hiyo aonaye kadi ya mkono kuwa ni mchezo wa watoto na afahamu kwamba kazi hii ilianza hivyo.

Cha pili ni cha hapa hapa Unguja. Novemba 1895, Zanzibar ilipohitaji stempu zake yenyewe, haikungoja kuchapishiwa mpya. Zilichukuliwa stempu za India, na katika ofisi ya gazeti la Zanzibar Gazette zikapigwa chapa ya jina la Zanzibar juu yake. Herufi zilipangwa kwa mkono, na mkono ni mkono. Zikatoka stempu nyingine zimeandikwa Zanzidar, nyingine Zanibar. Leo wakusanyaji wa stempu huyatafuta makosa hayo kwa hamu na kuyalipia fedha nyingi kuliko stempu zilizo sahihi. Binti yangu alitaka kujua kama mpangaji wa herufi aligombezwa.

NYUMBANI KWA SHANGAZI

Mlango wa Shangazi ni wa mbao za kawaida, wenye kitasa cha dukani. Haukuwa hivyo siku zote. Si siri kwamba milango mingi ya kale ya mji huu iling'olewa na kuuzwa, na ule wa Kiponda ni mmojawapo. Masika moja paa lilivuja hata boriti za ghorofani zikaanza kuoza, na Shangazi alikuwa Pemba kwenye msiba. Mwanawe wa pekee, binamu yangu, alimpata mnunuzi, akauza mlango, akatengeneza paa. Nasema kwa haki: paa lile halivuji hata leo. Lakini Shangazi aliporudi alikuta uwazi uliozibwa kwa turubai, akainama, akaingia, asiseme neno. Mwaka uliofuata kijana akaenda Muscat kutafuta kazi. Imepita miaka 16. Hutuma fedha, hupiga simu, mama na mwana huulizana habari za afya na za joto. Mlango haujatajwa hata mara moja.

Tulimshika miguu, tukakaribishwa. Alipoambiwa kwamba tumekuja kumtengenezea karatasi zake, aliinuka akaleta mkebe wa biskuti uliojaa kadi za miaka iliyopita. Nyingi zilikuwa za dukani, zenye misikiti ya dhahabu iliyochujuka. Moja haikufanana na nyingine. Ilikuwa ya manila iliyogeuka rangi ya chai, na katikati yake palikuwa na ua moja la wino wa buluu, lenye petali nane, na chini yake kwa mwandiko wa mwalimu: Idi 1407. Ndio mwaka 1987. Marehemu mumewe, aliyekuwa mwalimu, alichongesha muhuri mdogo wa mti kwa kufuata ua la mlango wao, na kwa miaka kadhaa aliwagongea majirani kadi. Muhuri wenyewe ulipotea, hakuna ajuaye lini.

"Bibi, ua hili lilikuwa wapi?" binti yangu aliuliza.

"Juu ya mfaa, mwanangu. Mtu mrefu akiingia huligusa. Babu yako alikuwa mrefu."

Basi orodha yetu yote ya samaki na mitende ikawekwa kando.

MBATATA, BAMIA NA MGOMBA

Mahitaji tuliyapata Darajani, soko lililofunguliwa mwaka 1904, na hapa naomba akina mama na akina baba wanisikilize, kwani hakuna kitu cha gharama. Tulinunua mbatata sita kubwa na ngumu, bamia changa, manjano na magadi. Shina la jani la mgomba, ile sehemu nene ambapo jani hushikana na mti, tulipewa bure na mwuza ndizi, ambaye aliamini kwamba tuna mbuzi.

Kazi ilianza baada ya sala ya alasiri, juu ya mkeka. Mbatata hukatwa katikati kwa kisu kirefu chenye makali na kwa mpigo mmoja, kwa maana ukisitasita uso hutoka na mabonde na rangi haitaenea. Kisha uso huo ukandamizwe juu ya kitambaa kikavu mara mbili au tatu. Wengi huruka hatua hii, nao ndio walalamikao baadaye kwamba alama yao ina madoa: maji ya mbatata huzimua rangi. Baada ya hapo mchoro hutiwa kwa penseli, palipo pa kuondolewa pakawekwa alama ya mkato kama alivyotuonyesha fundi, na pakakatwa kwa kina cha nusu sentimita hivi. Kinachobaki kimesimama ndicho kitakachoshika rangi. Mtoto mdogo achore, mzazi akate. Wangu, kwa kuwa ana miaka 10, aliachiwa kisu kwa sharti la kukata kuelekea mbali na vidole, sharti ambalo nililikumbusha mara nyingi hata Shangazi akaniambia ninyamaze.

Wino wa muhuri wa ofisini unafaa, lakini rangi zake ni chache na bei yake si ya kumpa mtoto auchezee. Sisi tulipika uji mwepesi wa wanga, tukaugawa katika vikombe. Kimoja kilitiwa buluu ya kufulia, kimoja manjano, na cha tatu manjano pamoja na magadi, ambavyo vikikutana hugeuka mbele ya macho yako na kuwa vyekundu kama tofali. Binti yangu aliurudia muujiza huu mara nne, tukapungukiwa magadi ya kupikia. Kwa rangi nyeusi yatosha masizi ya sufuria. Nionye tu kwamba rangi ya manjano hufa juani. Kadi yake isitundikwe dirishani. Rangi humiminwa juu ya kipande cha sponji kilicholazwa kisahanini, na muhuri hugongwa juu ya sponji, hauchovywi. Alama ya kwanza ipigwe kwenye gazeti, na naomba liwe gazeti la jana.

Bamia haihitaji kuchongwa. Ukiikata kwa upana, mara nyingi hukupa nyota ya pembe tano. Shina la jani la mgomba likikatwa vivyo hivyo hutoa umbo la mwezi mwandamo, tena lenye vyumba vyumba vidogo ndani yake kama wavu, urembo ambao hakuna kisu kiwezacho kuuiga. Hivyo mwezi na nyota tulivipata vikiwa tayari. Wasomaji wetu wasubirio Krismasi wataitumia nyota hiyo hiyo, na wale wenye mkrismasi uani wanaweza kuyapiga maua yake mekundu kwa ncha ya kidole. Atakaye muhuri wa kudumu achonge soli ya kandambili kuukuu, kwa sababu mbatata huishi siku moja. Ya pili hunywea, nakshi ikajikunja, isipokuwa ukiilaza ndani ya maji.

Maneno yana mtego wake. Muhuri hugeuza kushoto kuwa kulia, kwa hiyo herufi huchongwa kinyume. Nilikuwa nimesahau kulisema, na binti yangu akachonga neno IDI kama aliandikavyo daftarini. Lilipopigwa, herufi ya katikati ikatazama nyuma. Alinyamaza, mdomo ukaanza kumcheza, na mimi nikawa natafuta mbatata nyingine. Yeye akaigeuza ile ile juu chini, akaipiga tena. IDI ikatoka sawasawa. Tuliijaribu mara kadhaa kuhakikisha kwamba haikuwa bahati, nayo haikuwa: herufi D ina nusu ya juu na ya chini zinazofanana, na neno lenyewe husomeka mamoja kutoka upande wowote. Mubaraka haikukubali hila hiyo, ikaandikwa kwa kalamu.

Karatasi ya A4 ikikatwa vipande viwili, na kila kipande kikikunjwa, hupatikana kadi mbili za sentimita 10 na nusu kwa 15 kasoro kidogo, ambazo huingia katika bahasha ndogo ya kawaida. Hadi adhana ya magharibi tulikuwa na kadi 22, zimeanikwa kivulini kwenye ngazi, na vitabu vya marehemu vilikuwa vikingoja kuzilalia zisipinde. Shangazi, aliyekuwa jikoni akiangalia futari, alikuwa akitoka kila mara kuzihesabu.

KADI YA MUSCAT

Ua lenyewe tuliliacha mwisho. Binti yangu alilichonga usiku, chini ya taa, huku akiitazama kadi ya mwaka 1987. Petali saba zilitoka vizuri. Ya nane, ilipobaki kukatwa ukingo wake, ilivunjika ikaanguka mkekani. Mbatata zilikuwa zimekwisha. Nyingine zilikuwa zimeingia katika mchuzi. Tukaipaka buluu kama ilivyo, tukaipiga, na ua likatoka na pengo upande wa kulia juu, kama kinywa cha mtoto aliyeng'oka jino. Shangazi aliisogeza kadi karibu na macho, kisha akapitisha kidole juu ya rangi, ambayo kwa ule wanga ilikuwa imesimama kidogo juu ya karatasi.

"Hii ni ya Muscat," akasema.

Nakiri kwamba niliogopa. Kumpelekea ua la mlango mtu aliyeuuza mlango, baada ya kimya cha miaka 16, niliona kwamba aweza kudhani anashitakiwa. Nikapendekeza kwa heshima kwamba binamu apelekewe mwezi na nyota, ambazo zilitoka nzuri zaidi, na ua libaki nyumbani.

"Mwezi anauona huko huko," Shangazi akajibu.

Akaomba mbatata. Akaipiga mwenyewe kwenye kadi nyingine, kwa mkono unaotetemeka, na alama ikatoka imelala upande na kupotea wino chini. Binti yangu akasema, "Bibi, rudia, karatasi ipo." Hakurudia. Aliniagiza niandike ndani jina la mwanawe na neno Idi, nisiongeze kitu. Anuani aliisoma bila kutazama popote, sanduku la posta na namba zake zote.

Asubuhi tulikwenda Shangani. Karani alitwambia kwamba haitafika kabla ya sikukuu, na Shangazi, aliyekuwa amekataa kubaki nyumbani, akamwambia kwamba hajali. Karani akabandika stempu, akainua muhuri wake na kuugonga kwa nguvu. Binti yangu alichungulia kuona kama umekaa sawa. Haukukaa sawa.

Kadi nyingine 22 ziligawiwa Kiponda nzima siku ya Idi Mosi, na mwuza ndizi wa Darajani akapata yake, akaelewa habari ya mgomba.

Tulikuwa tumekwisha kurudi Dar es Salaam, na wiki ya nne ilikuwa ikianza, Shangazi aliponipigia simu, jambo alifanyalo kwa nadra kwa kuwa humbidi kumwomba jirani ambonyezee. Alisema kwamba mwanawe amepiga simu usiku. Hakuuliza afya wala joto. Alisema kwamba ua la mlango lilikuwa na petali nane, yeye alizihesabu kila siku alipokuwa mdogo akifunguliwa mlango, na kwamba waliochonga wamesahau moja, ya juu upande wa kulia.

"Nawe ukamjibu nini?" nikauliza.

"Nilimwambia aje aioneshe ilipokuwa." Kisha akaniagiza nimwambie binti yangu kwamba Idi el Haji haiko mbali, na kwamba mbatata safari hii zitanunuliwa kilo mbili.